Sarafu ya Daraja na Kibati Namba Tatu

Laurel Prong,
Kaunti ya Fayette,
West Virginia.
Jumapili, 7 Mei 2006.

Mpendwa kaka Denzil,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Wa nyumbani kwako hawajambo? Sijui kama una mke, sijui kama una watoto, kwa hiyo nawasalimu wote wanaolala chini ya paa lako, na kama ni wewe na mbwa tu, basi msalimie mbwa. Afya yako je? Lile goti uliloumia ulipoanguka kutoka kwenye paa la kanisa bado linakusumbua wakati wa baridi? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, na sababu yake utaisoma humu humu.

Ni Nedra. Nalitaja jina mapema usije ukahangaika kuigeuza bahasha. Kadi yako ya mwisho ilitoka Tulsa mwaka 1981, ina picha ya kisima cha mafuta na maneno matatu nyuma: "Mzima. Kazini. Msijali." Kwa miaka ishirini na mitano nimekugombeza moyoni kwa maneno hayo matatu, lakini leo sina nguvu za kugomba.

Kaka, kaa chini kwanza. Baba ametutoka. Alifariki Jumanne tarehe 14 Machi, saa kumi alasiri, jikoni, kwenye kiti chake, uso ameuelekeza mlangoni. Tulimzika Ijumaa yake kule kilimani, ubavuni kwa Mama. Watu walijaa, hata wale aliogombana nao tangu enzi za chama cha wafanyakazi walikuja na sahani za chakula. Daktari ameandika kwamba ni mapafu, vumbi la makaa ya mawe la miaka thelathini na minne, na hakuandika uongo. Ila siku ile mapafu hayakuwa peke yake. Mkono wangu nao ulikuwemo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Anwani yako nimepewa na Clovis Pettry, yule mliyepanda naye vyuma vya daraja. Alikuja mazishini na tai inayomkaba. Nikamwambia kwa huzuni tu, laiti ningejua alipo Denzil. Akajikuna shingo, akasema, "Yuko Duluth, Minnesota, anatengeneza madaraja ya bandarini. Huwa ananiandikia kila Krismasi." Kila Krismasi! Mtu anakaa maili nane kutoka kwetu! Kidogo nimrukie mbele ya jeneza. Anasema ulimlisha yamini asikutaje maadamu Baba yu hai. Haya, Baba hayupo tena, na yamini yako imekwisha kazi.

Sasa nikuletee habari za mzee kwa utaratibu, maana wewe ulimwacha akiwa bado anabeba gunia la viazi begani. Alistaafu mwaka 1988 na kikohozi. Kikohozi kikawa pumzi fupi, pumzi fupi ikawa mtungi wa oksijeni, na tangu mwaka 1999 alikuwa mtu wa jikoni, mpira puani, dirishani. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika. Nafanya kazi kwenye duka la vyakula Oak Hill, kwenye kaunta.

Mwaka huo huo serikali ilianza kutoa zile sarafu mpya za robo dola, majimbo matano kila mwaka, kwa kufuata nani alitangulia kuingia katika Muungano. Bila shaka umezishika, hata Duluth zimefika. Nilimnunulia Baba ramani ya karatasi ngumu yenye matundu hamsini ya kuzipachika. Nia yangu ilikuwa apate cha kumtuliza. Wee! Nilijipatia hakimu.

Kila nikitoka kazini na sarafu mpya, alivaa miwani na kutoa hukumu. Georgia wameweka tunda la pichi, akasema sawa, wana haki. Wisconsin wameweka ng'ombe, jibini na hindi, akasema hao wana akili, wamekumbuka tumbo. Kentucky wameweka farasi, akasema afadhali farasi kuliko wanasiasa wao. North Carolina na Ohio wote wameweka ile ndege ya kwanza kuruka, akacheka mpaka mpira ukamtoka puani: "Waone hawa, wanagombea ndege moja kama wajane wawili wa mume mmoja!" Michigan walipochora ramani ya jimbo lao na maziwa yake, aliitupa mezani. "Walikosa la kuchora wakajichora wenyewe. Uvivu mtupu." Ila ya Alabama, yenye yule mama kipofu anayesoma kwa vidole, aliishika muda mrefu akipapasa nukta zake. Hiyo hakuitia kasoro.

Zamu yetu ilikuwa ya thelathini na tano, mwaka 2005. Gavana alitangaza mapema kwamba mwananchi yeyote alete wazo la picha. Baba, mtu ambaye hakuandika hata barua ya kushukuru salamu za rambirambi Mama alipokufa, akaniomba karatasi na penseli. Alichora siku nne. Alichora mchimbaji wa makaa amepiga magoti, taa kwenye kofia, maana unaujua mwenyewe ule mwamba wetu, paa ni la kuinamia. Kisha akaogopa watu wa mbali watadhani anasali, akamwongezea koleo. "Kwenye muhuri wa jimbo tupo," aliniambia, "kwenye bendera tupo. Kwenye pesa watatuacha?" Nilimpelekea posta mwenyewe.

Wakachagua daraja. Ndiyo, Denzil, lile lile lako. Tao lile la chuma juu ya korongo, mto chini, na mwaka 1863 tulipojiunga. Gazeti lilipoleta habari, Baba aliweka kijiko chini, supu ikapoa. "Watu wamelala humo ardhini tangu zama za babu yangu," akasema, "na wao wanachora njia ya kukimbilia."  Nilijua anasikia maneno gani kichwani, kwa sababu nilikuwepo yaliposemwa.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, naosha vyombo. Wewe ulikuwa umefanya naye kazi mgodini miaka miwili, ukasema unaweka taa chini, unakwenda kupanda vyuma. Alikuambia, "Unajenga njia ya watu kutukimbia." Ukamjibu, "Afadhali hiyo kuliko shimo unalotuchimbia." Sahani ilimtoka Mama mkononi. Asubuhi ukachukua ndoo yako ya chakula ukatoka, na kibati chako ukakining'iniza upande wa chini kama kawaida, kama mtu atakayerudi jioni.

Ule ubao wa vibati bado upo ukutani kando ya mlango wa jikoni. Rhonda, binti yangu, alinicheka alipokuwa mdogo, akasema nyumba za wenzake zina picha za maua na sisi tuna vyuma kwenye misumari. Nikamweleza alivyotueleza Baba: mgodini kila mtu ana kibati chake cha shaba chenye namba, akishuka anakitundika, akipanda anakiondoa, na mnyapara haruhusu zamu iende nyumbani mpaka hesabu itimie. Baba akaileta sheria hiyo nyumbani. Yeye namba moja, Mama mbili, wewe tatu, mimi nne. Ukitoka nyumbani, kibati msumari wa chini. Ukirudi, msumari wa juu. Na hakuna wa kugusa kibati cha mtu aliye hai ila mwenyewe. Unakumbuka nilivyopandisha chako siku moja kwa utani, nikala kibao? Mama alipofariki hospitali mwaka 1983 (Clovis anasema alikuandikia), Baba ndiye aliyekipandisha chake. Alisema, "Opal amefika," akaenda kukaa barazani. Lakini namba tatu hakuigusa. Ilipochakaa kamba, alibadilisha kamba bila kukitoa kwenye msumari.

Basi, Oktoba iliyopita sarafu yetu ikatoka. Nilimpelekea moja mpya inayong'aa, nikakaa tayari kwa matusi. Hakutukana. Aliitazama, akaitia mfuko wa shati. Nikamwambia, "Baba, tundu letu kwenye ramani liko wazi." Akasema, "Liache wazi." Baada ya juma moja nilimkuta dirishani ameishika chini ya ile lenzi yake ya kusomea Biblia.

"Unatafuta nini, Baba?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Waliolijenga. Hawakuchora hata mmoja." Akageuza sarafu kwenye mwanga. "Unadhani yeye alikuwa upande upi?"

Kaka, nilishika ukingo wa sinki. Miaka thelathini hajawahi kukutaja, hata kwa "yeye".

Na halijaisha. Wewe hukuwepo kuona, lakini tangu daraja lifunguliwe Baba hakulivuka. Alikula kiapo. Kwenda kwa daktari wa meno Summersville tulishuka ile barabara ya zamani, kona kwa kona hadi mtoni, tukavuka kule chini, tukapanda tena, dakika arobaini, mimi natapika, yeye anasema hewa safi. Sasa mwanzoni mwa Novemba, majani yameshapukutika, akaniambia niwashe gari. Mtungi aliubana magotini. Nilipofika njia panda nilipinda kuelekea barabara ya zamani kwa mazoea. Akasema, "Unakwenda wapi wewe? Nyoosha."

Tulivuka. Haikufika dakika moja. Akasema, "Ndiyo hii tu?" Nikasema, "Ndiyo hii." Akasema, "Geuza." Tulivuka mara nne, Denzil. Wa nyuma yetu walitupigia honi kwa nilivyokwenda polepole. Mara ya nne, katikati kabisa, alishusha kioo, baridi ikaingia, akachungulia nje, akasema, "Kazi safi." Unamjua Baba. Harusi yangu haikupata neno hilo, na keki nilioka mwenyewe.

Hapo ndipo ningekutafuta. Ningemwuliza Clovis, ningeuliza kila mtu. Lakini nilijiambia nisubiri sikukuu zipite, nisimtie mzee tumaini la bure. Hilo nalo naliweka juu ya kichwa changu.

Sikukuu zikapita, ikaja Januari, na lile jambo la mgodi wa kule Sago ambalo dunia nzima ililiona. Hata huko lazima mlikaa mbele ya televisheni. Wakatuambia watu kumi na wawili ni hai, makanisa yakapiga kengele, Baba akalia kwa furaha kama mtoto. Baada ya saa chache tu wakatuambia sivyo, ni mmoja. Sijawahi kumwona Baba akizeeka mbele ya macho yangu kama siku ile. Alivua kofia akaishikilia kifuani, akasema, "Huwezi kumpa mtu habari ile halafu ukaichukua." Nikumbushe maneno hayo, kaka, maana muda si mrefu niliyasahau.

Tangu hapo akaanza kuhesabu vibati. Mwanzo nilidhani ni utani. Kila nikirudi kazini na kupandisha changu, alihesabu kwa kidole kutoka kitini: mmoja, wawili, wanne. "Bado mtu mmoja." Siku nyingine alinijua mimi ni Nedra, siku nyingine alidhani mimi ni karani wa lango la mgodi na kuniuliza kwa ukali kama nimepiga simu chini. Hakutaka kutoka nyumbani hata kwenda kanisani. Mchungaji akawa anamletea ushirika jikoni.

Jumanne ile, asubuhi, alikuja Eula, muuguzi anayezunguka majumbani. Midomo ya Baba ilikuwa ya buluu. Eula akanivuta pembeni akasema apelekwe Beckley hospitali leo hii, si kesho. Tukamwambia Baba. Alishika mikono ya kiti. "Nina mtu chini," akasema. "Mnyapara hatoki kabla ya watu wake." Eula akabembeleza. Mchungaji akapiga simu, akabembeleza. Mimi nilipiga magoti nikalia, nikamwambia Baba, huo ni mgodi uliofungwa miaka kumi na minane iliyopita, hakuna mtu chini. Akanitazama kwa huruma, huruma kabisa, kama mimi ndiye nisiyejua. "Namba tatu," akasema.

Eula akaenda nje kwenye gari lake kuomba ambulensi. Baba akasinzia. Ilikuwa saa saba mchana, jua limeingia mpaka kwenye ubao. Nilisimama pale nikakitazama kibati chako. Nikafikiri, ni kipande cha shaba tu, Nedra. Kipande cha shaba tu, na baba yako anakufa.

Nikakigusa, kaka. Nilikitoa msumari wa chini nikakitundika wa juu.

Kilitoa mlio mdogo tu, lakini masikio yake miaka yote hiyo yalikuwa yakingoja mlio huo. Alifumbua macho. Hakunitazama mimi, alitazama ubao. Halafu akauliza, polepole, akivuta pumzi kati ya maneno:

"Amekuja, au amekufa?"

Nakuapia, hilo sikuwa nimelifikiria. Nilifikiri ataona hesabu imetimia, atakubali kwenda. Nilisahau sheria, mimi niliyekula kibao kwa sheria ile ile. Kibati cha mtu hupandishwa na mwenyewe au na wanaomzika. Alikuwa ananiangalia sasa. Ningesema ukweli, ningelazimika kumwambia kwamba mkono wangu ndio uliogusa na wewe bado hujulikani ulipo. Sikuweza.

"Amekuja, Baba," nikasema.

Ungeuona uso wake, Denzil! Wala sitaki kukueleza, maana kila nikieleza nalia, na karatasi hii ni ya pili. Alicheka bila sauti. Akauliza uko wapi. Ulimi wangu ukaokota kitu cha kwanza: nikasema umekwenda Oak Hill kununua mikate ya pepperoni, ile yenye soseji ndani uliyoipenda. Akapiga goti kwa kiganja. "Tumbo lake halijabadilika!"

Akataka kunyolewa. Nilimnyoa. Akataka lile shati la buluu la kanisani. Nikamvalisha. Akataka kiti kigeuzwe mlangoni, mimi na Eula tukakigeuza na mitungi yake. Akatoa sarafu mfukoni akaishika mkononi. "Atanionyesha pale alipokaa," akamwambia Eula. "Mwanangu alijenga hili." Eula akanitazama. Nilitazama pembeni.

Ambulensi ilifika saa nane. Nikamwambia, twende Baba, Denzil atatufuata hospitali. Nilifikiri sasa nimeshinda. Akasema, "Nimengoja miaka thelathini, nishindwe kungoja mikate?" Wale vijana walisema mtu mwenye akili zake hawawezi kumbeba kwa nguvu, na wakamwuliza leo siku gani, akawajibu sawasawa, akawataja na magavana watano. Wakamfunika kinyago cha hewa, wakakaa barazani kungoja nami. Kila baada ya muda alikishusha kinyago, akauliza, "Bado?" Nami nikasema, "Bado, Baba. Foleni." Foleni! Oak Hill, mji mdogo vile!

Saa kumi kasoro gari lilipinda kwenye kokoto zetu. Lilikuwa la Mchungaji. Baba alisikia magurudumu. Alikishusha kinyago, akaweka mikono kwenye kiti, akainuka, yeye aliyekuwa hajainuka peke yake tangu Februari. Akasema, "Fungua mlango, Nedra." Nikafungua. Nilipogeuka alikuwa amekwisha kukaa tena, na alikuwa amekwenda.

Watu wote wananiambia alikufa na furaha. Mchungaji kasema, Eula kasema, hata Rhonda. Ni kweli, alikuwa na furaha. Lakini nilimpa habari ile ambayo yeye mwenyewe alisema haipewi mtu, na sababu pekee ya kutomnyang'anya ni kwamba hakuishi. Nisingekigusa, labda tungembembeleza mpaka saa tisa akakubali. Au asingekubali na angekufa akihesabu. Nalala na swali hilo, naamka nalo. Naungama kwako kwa sababu ni kibati chako nilichotumia, na kwa sababu baba alikuwa wetu sote wawili. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, njoo uniambie usoni, nitakupikia hata hivyo.

Mwezi uliopita ilitoka sarafu ya Nebraska, ina mkokoteni wa wahamiaji na mwamba wao mrefu. Nilikuja nayo nyumbani mbio kwa mazoea. Nikasimama jikoni na koti langu. Hakuna wa kuitukana. Nimeipachika tunduni na nimeichukia ile ramani. Halafu nikaitafuta ya huko kwenu, Minnesota: ziwa, ndege wa majini, na watu wawili wanavua kwenye mtumbwi. Baba aliisifu hiyo, alisema ndiyo sarafu pekee ambayo mtu anaweza kwenda kupumzika ndani yake. Hakujua kwamba ameshika mahali ulipo.

Humu ndani ya bahasha utakuta sarafu moja, nimeifunga kwa karatasi. Si mpya. Imepoteza mng'ao kwa kusuguliwa na kidole gumba chake. Niliitoa mkononi mwake mwenyewe. Alitaka umwonyeshe ulipokaa. Ionyeshe wewe mwenyewe, ukipenda.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, tarehe 28, ni siku ya kupamba makaburi kama kawaida yetu. Tutafyeka kilimani asubuhi, tutaweka maua, kisha chakula cha pamoja kwenye meza ndefu: maharage, mkate wa mahindi, kuku wa Eula ambaye kila mwaka anaungua na kila mwaka tunamsifu. Safari hii tuna kaburi jipya, udongo wake bado haujashuka. Njoo. Nyumba sijauza na siuzi. Ukija kutoka kaskazini utapita juu ya kazi yako. Vuka polepole, wakupigie honi.

Msalimie wifi yangu kama yupo, na watoto kama wapo, waambie wana shangazi mwenye mdomo mrefu na jiko kubwa. Clovis anakusalimu, nimemsamehe nusu. Eula anakusalimu. Rhonda anamsalimu mjomba asiyemjua, anasema anataka kuona kama kweli tunafanana pua. Mungu akutunze juu ya vyuma vyako, akushike mkono usiteleze, na akuongoze njia hata kama si ya kuja huku.

Kibati sikukitia kwenye bahasha. Nilikishika, nikakifunga, nikakifungua tena. Sheria unaijua. Siku ya mazishi, wageni walipoondoka, nilipandisha cha Baba, nilichokuwa nimekishusha jeneza lilipotoka nyumbani, kando ya cha Mama, nikasema "Amefika," kwa sauti, peke yangu. Kisha nikachukua chako nikakirudisha chini, kwenye msumari wake ule ule ulipokiacha. Changu nakishusha asubuhi, nakipandisha jioni. Juu tuko watatu sasa. Chako sikigusi tena, na mlango wa jikoni sifungi kwa ufunguo.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hakuacha kukupenda hata siku moja ya hasira,

Nedra,
namba nne.